Unga wa kuzeesha modeli: makosa niliyofanya hadi lori langu likashika vumbi

Lori lenyewe ni modeli ya GMC CCKW, lile la Marekani la tani mbili na nusu lenye ekseli tatu, katika uwiano wa 1:35, yaani dogo mara 35 kuliko la kweli. Nililiunganisha kwa miezi mitatu, nikalipaka kijani chenye ukahawia cha jeshi, nikabandika alama zote, kisha nikaliweka mezani na kulitazama. Lilikuwa safi mno, kama kichezeo kilichotolewa boksini asubuhi hiyo.

Nilikuwa nimelichagua kwa ajili ya msafara wa Red Ball Express, uliobeba mafuta, risasi na chakula kutoka Normandy na kuyafuata majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele ndani ya Ufaransa, kuanzia tarehe 25 Agosti hadi 16 Novemba 1944. Wengi wa madereva wake walikuwa Wamarekani weusi, na waliendesha usiku na mchana. Lori la msafara ule lisilo na vumbi ni uongo. Nilitaka vumbi lionekane, kwa kuwa ndilo linaloonyesha kazi waliyoifanya.

Unga wa kuzeesha modeli, unaoifanya ionekane imetumika, huuzwa tayari katika vichupa vidogo, na ni mzuri. Lakini nilihitaji rangi nyingi: vumbi la barabara kavu, tope lililokauka, kutu ya chasisi, masizi ya bomba la moshi, udongo wa kwenye tairi. Nilipohesabu nikafikia vichupa vinane, nikaamua kutengeneza mwenyewe. Sijutii uamuzi huo hata leo. Ninachojutia ni kuanza bila kuuliza, maana kulinigharimu miezi minne mingine, boksi mbili za rangi nilizotupa, turubai la modeli nililolazimika kuliunda upya, na kikohozi cha siku tatu.

Kosa la kwanza lilitokea siku ya kwanza. Nilikuwa nimesikia kwamba watu husaga pasteli, nikanunua boksi la pasteli bila kujua kwamba ziko za aina mbili. Zangu zilikuwa za mafuta. Nilipozikwangua kwa wembe hazikutoa unga, zilitoa vipande laini vinavyonata kama nta, vikaganda kwenye wembe na kwenye vidole. Nikadhani sijakwangua vizuri, nikaendelea hadi nikamaliza kalamu tatu. Zinazofaa ni pasteli kavu, zile za chaki. Kuzitofautisha ni rahisi: chora mstari kwenye karatasi kisha pitisha kidole. Ya chaki huacha vumbi unaloweza kulipuliza. Ya mafuta husambaa na kung'aa.

Boksi la pili lilikuwa la chaki kweli, na hapo nikaingia kosa jingine. Nilizisugua juu ya msasa nambari 220. Unga ulipatikana haraka, mwingi, nikafurahi. Nilipoupaka kwenye madigadi ya lori ukaonekana kama mchanga uliomwagwa. Kibaya zaidi, chembe za msasa wenyewe zilikuwa zimebanduka na kuchanganyika na unga. Ni chembe ngumu, na kila nilipopitisha brashi zilikwaruza rangi iliyokuwa chini.

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema. Chembe yenye upana wa milimita 0.1 ni ndogo sana mkononi. Macho huiona kwa shida. Izidishe kwa 35, unapata milimita 3.5. Kwa mtu mdogo anayeendesha lori langu, hilo si vumbi, ni kokoto. Kwa wanaotengeneza modeli za 1:72 chembe hiyohiyo inakuwa milimita 7.2. Tangu siku ile niliacha kutazama rangi ya unga kwanza. Kitu cha kwanza kukitazama ni ukubwa wa chembe. Rangi unaweza kuirekebisha baadaye kwa kuchanganya, lakini chembe nene haijifichi.

Kwa pasteli, dawa ilikuwa kuacha msasa kabisa. Huwa nazikwangua taratibu kwa makali ya wembe, kisha nasaga kwenye kinu kidogo cha kauri ambacho hakigusi chakula tena, halafu napitisha kwenye kipande cha soksi ndefu ya nailoni kilichovutwa juu ya mdomo wa chupa. Kinachobaki juu narudisha kinuni.

Kwa udongo, hadithi ilikuwa ndefu zaidi, na sehemu hii ndiyo iliyonifundisha mengi.

Nilikuwa na hamu ya kutumia udongo halisi. Vumbi la kweli lina rangi ambayo ni vigumu kuibuni, ukahawia wenye kijivu ndani na manjano kidogo. Nikachota udongo mkavu, nikautwanga, nikauchekecha. Nilipofungua kinu, wingu likapanda usoni. Sikuwa nimevaa barakoa. Nilikohoa siku ile, na iliyofuata, na ya tatu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba udongo mwingi una kwatzi, na vumbi laini la kwatzi, yaani silika, ni hatari kwa mapafu kwa mtu anayelivuta mara kwa mara. Niliogopa kwelikweli. Naomba hili usilipite kwa haraka: ukisaga chochote kikavu, vaa barakoa ya kuchuja vumbi, ile ya FFP2 au N95, wala si kitambaa. Zima feni. Ukimaliza, futa meza kwa kitambaa chenye maji. Ufagio unairudisha hewani ile silika uliyoitengeneza.

Hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye maji. Mbinu ni ya kale. Watengenezaji wa rangi za wachoraji waliitumia kabla ya mashine. Unatia udongo kwenye chupa ndefu ya maji, unakoroga kwa nguvu, unasubiri kidogo, kisha unamimina yale maji yenye ukungu kwenye chupa nyingine na kuacha mashapo yaliyotua chini. Chembe nene huzama haraka, nyembamba hubaki zikielea. Tofauti yenyewe ni kubwa kuliko nilivyodhani: chembe yenye nusu ya upana huzama kwa robo ya kasi. Chembe ya mchanga ya milimita 0.1 inapita sentimita 10 za maji kwa sekunde kumi na kitu. Ya milimita 0.05 inachukua karibu sekunde 45. Ya milimita 0.02 inahitaji dakika nne na zaidi.

Kwa hiyo saa ya mkononi inakuwa chujio. Nikisubiri dakika moja kwenye chupa yenye sentimita 10 za maji, najua kwamba karibu kila chembe iliyozidi milimita 0.05 iko chini. Nikisubiri dakika tano, kinachoelea ni laini kuliko unga wowote niliowahi kuupata kwa kuchekecha. Maji ya dakika moja nayatumia kwa tope na udongo wa kwenye tairi, maana pale chembe kidogo zinafaa. Ya dakika tano ni vumbi la kwenye boneti na vioo.

Kuna faida nyingine. Mizizi, majani na takataka nyepesi hupanda juu, nami nazichota kwa kijiko. Hilo ni muhimu kwa sababu kundi langu la kwanza la udongo, lile la kutwanga, lilikuwa nazo. Nililifunga kwenye chupa likiwa na unyevu kidogo, na baada ya wiki tatu nikakuta ukungu mweupe umeota juu yake. Siku hizi maji yenye unga nayaacha usiku kucha yatulie, namwaga yaliyo safi juu, kisha natandaza tope lililobaki kwenye sahani ya bati na kulikausha polepole kwa joto la kama nyuzi 100 hadi liwe kavu kabisa. Hukauka likawa kama biskuti yenye nyufa. Nalivunja kwa mgongo wa kijiko ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ili vumbi lisitoke, na linalegea lenyewe kwa sababu hakuna chembe nene za kusaga.

Siku moja nilijaribu jambo ambalo bado linanifurahisha. Udongo wangu mmoja ulikuwa wa manjano. Rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma iliyoshika maji ndani yake, na ukiipa joto la kutosha maji hutoka, inabaki oksidi nyekundu. Nikautia kijiko kimoja kwenye kopo tupu la bati, nikaliweka juu ya moto nje ya nyumba. Kwa dakika kadhaa hakukuwa na kitu. Kisha kingo zikaanza kubadilika, kahawia, kisha wekundu wa tofali, na wekundu ukasogea kuelekea katikati nikiwa nimesimama hapo na koleo mkononi. Udongo mmoja ukanipa vichupa viwili, na kwa kuuchanganya kwa viwango tofauti nikapata vinne. Ni wekundu uleule unaopatikana kwenye unga wa kutia rangi sakafu za saruji, nao pia ni oksidi ya chuma na unafaa kabisa kwa modeli. Una nguvu sana. Kiasi kidogo kwenye ncha ya kisu kinatosha kugeuza rangi ya kijiko kizima cha pasteli.

Kutu nayo nilitaka iwe ya kweli. Nilichukua waya laini wa kusugulia sufuria, ule wa chuma cha kawaida maana wa pua hauoti kutu, nikauosha kwa sabuni kutoa mafuta, nikauloweka kwenye siki. Kwa haraka zangu nikaongeza chumvi. Baada ya siku mbili nilikuwa na tope zuri la rangi ya machungwa. Nikalikausha, nikalisaga, nikalipaka chini ya chasisi. Lilipendeza kwa mwezi mmoja. Msimu wa unyevu ulipofika, kutu ile ikawa na jasho, na ilipokauka tena ikaacha fuwele nyeupe kama umande ulioganda. Ilikuwa chumvi. Huvuta unyevu hewani na haiachi. Ikabidi niioshe chasisi yote kwa brashi laini na maji, nikapoteza pia masizi niliyokuwa nimeyapenda.

Kama unataka kutu halisi, usitie chumvi. Loweka kwa siki, toa waya, uuache hewani ukiwa na unyevu, na kutu inayodondoka uisuuze kwa maji mara tano au sita, kila mara ukiiacha itulie na kumwaga ya juu. Na usije ukaongeza dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ili kuharakisha. Ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua. Mimi mwenyewe siku hizi sitengenezi kutu kwa njia hii. Oksidi nyekundu, ya manjano na nyeusi kidogo zinanipa kutu inayofanana na ile, na haina tabia ya kubadilika.

Masizi ni mkaa uliosagwa, basi. Kwa kingo za chuma zilizosuguliwa hadi zikang'aa, kama ndoano ya kuvutia na kingo za ngazi, saga grafiti, yaani kiini cheusi cha penseli laini, na uipake kwa kidole. Ndipo pekee ninapotumia kidole. Kwingine mafuta ya ngozi huacha doa.

Sasa nifike kwenye usiku nilioharibu turubai.

Vumbi la lori lilikuwa tayari. Nilikuwa nimelichanganya kwa chaki nyeupe ya ubaoni, pasteli ya kahawia na udongo wa maji ya dakika tano. Nilikuwa nimelipaka kwa jioni mbili, kwenye turubai, kwenye boneti, nyuma ya kila gurudumu. Lilikuwa zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Nikataka kulilinda. Nikachukua kopo la vanishi isiyong'aa na kupuliza tabaka moja, jepesi kwa maoni yangu.

Vumbi likatoweka. Halikupeperuka, lilikuwa palepale lakini halionekani. Turubai likawa na rangi ya maji machafu, kijani kikarudi, na madoa ya kahawia yakabaki hapa na pale. Nikasubiri likauke nikitumaini weupe utarudi. Ulirudi kidogo tu. Kesho yake nikaongeza unga juu yake, nikapuliza tena, ukatoweka tena. Mara ya tatu turubai lilikuwa na gamba.

Kilichotokea kina maelezo. Chaki na jasi huonekana nyeupe zikiwa kavu kwa sababu kati ya chembe kuna hewa, na mwanga hupinda na kutawanyika kila unapovuka kutoka hewani kuingia kwenye chembe. Vanishi ikijaza nafasi ile, chembe na vanishi hupindisha mwanga karibu sawasawa, na chembe hukosa pa kuonekana. Ndiyo sababu ubao uliofutwa kwa kitambaa chenye maji huonekana safi, kisha ukikauka chaki inarudi. Weupe wa titani, unga mwingine mweupe wa rangi, hauna tabia hiyo. Hupindisha mwanga zaidi sana kuliko vanishi, ukabaki mweupe hata ukiloweshwa.

Kwa hiyo soma lebo ya pasteli kama inayo, utafute msimbo wa rangi iliyomo. PW6 ni weupe wa titani, PW18 ni chaki. PR101 ni nyekundu ya oksidi ya chuma, PY42 ya manjano, PBk11 nyeusi, PBr7 ni kahawia za udongo. Hizi zote hustahimili mwanga wa jua, na isipokuwa chaki, hustahimili kulowa pia. Zile za kahawia iliyokolea za PBr7 huwa na manganizi, kwa hiyo ziheshimu kwa barakoa. Ukiona PY34, ambayo ni kromati ya risasi, au PY35, PY37, PO20 na PR108, ambazo ni za kadimiamu, usizisage kabisa. Pasteli isiyo na lebo nilikuwa naiamini, sasa naiacha.

Tangu hapo kila mchanganyiko wangu unapita kwenye kijiko cha plastiki kwanza. Nakipaka kijiko rangi ileile ya modeli, kwa vanishi isiyong'aa ileile, kisha naweka unga kote. Theluthi moja naiacha kavu, theluthi moja naigusa kwa thina ya rangi za mafuta, ya tatu kwa vanishi. Nakiacha hadi kesho. Nyuma ya kijiko naandika vijiko vingapi vya kila kitu. Hapo ndipo nilipojua kwamba vumbi langu la sasa, sehemu nne za udongo, mbili za weupe wa titani na nusu ya kijivu, hufifia kidogo tu likilowa, na kwamba linapaswa kuwa na weupe zaidi kichupani kuliko ninavyolitaka kwenye lori.

Turubai halikuokoka. Nilijaribu kulisafisha kwa alkoholi na rangi ya akriliki ya chini ikabanduka pamoja na vanishi, pamoja na kipande cha madigadi ya kushoto ambako tone lilidondokea. Alkoholi hula akriliki. Thina ya rangi za mafuta haiili akriliki iliyokauka vizuri lakini hula rangi za enameli. Jua umepaka nini kabla hujachagua kimiminika. Nililia kidogo usiku ule, nasema ukweli, kisha nikaanza kuunda turubai jipya kwa karatasi laini na gundi nyeupe iliyozimuliwa.

Mara ya pili vanishi ilitangulia unga. Vanishi isiyong'aa ina uso wenye ukwaruzo mdogo ambao unga hushika. Juu ya rangi inayong'aa unga huteleza na kujikusanya kwenye pembe. Baada ya vanishi kukauka siku mbili, niligonga unga kwa brashi kuukuu laini, sikusugua, nikaanzia chini nikipanda. Kwenye pembe na nyuma ya magurudumu nilirundika unga mkavu kidogo, nikagusa ukingoni kwa brashi yenye thina. Thina hukimbia yenyewe ndani ya unga na kuusambaza kwenye mianya, na ikikauka unga unakuwa umeshika kiasi. Kwenye tairi, ambazo modeli hukalia, nilitumia gundi ya akriliki isiyong'aa iliyozimuliwa sana. Kwingine sikugandisha kabisa. Modeli inakaa chini ya kifuniko cha kioo, naishika kwa chini tu, na unga haujaenda popote.

Kabla ya kupaka nilizitazama tena picha za malori yale kwa siku kadhaa. Vumbi haliko sawa kila mahali. Limekusanyika nyuma ya magurudumu na juu ya madigadi, limejaa mikunjo ya turubai, na nyuma ya lori ni zito kuliko mbele. Kwenye kioo kuna upinde ulio safi mahali kifutio kilipopita. Huo niliukata kwa karatasi, nikaubandika kwenye kioo kabla ya kupaka unga, kisha nikaubandua. Na kwenye ubao wa kukanyagia, chini ya mlango wa dereva, nilifuta vumbi kwa kijiti cha pamba chenye unyevu kidogo hadi kijani kikaonekana, mahali ambapo buti lake lingekuwa likikanyaga kila aliposhuka na kila alipopanda.